Pua ya Kihenge

Mbwa wa mashineni alikufa Jumanne na hakuna aliyemlilia, kwa sababu alikuwa mwizi. Alilala chini ya mashine ya kusaga, akanenepa kwa pumba, na ukimfukuza huku anahamia kule. Nilimkuta Matonya, mwenye mashine, anamfunika kwa gunia tupu.

"Sumu ya panya," aliniambia kabla sijauliza.

"Nani kaiweka?"

"Mama Nyemo, mbwa akifa watu husema sumu ya panya. Unataka nisemeje?"

Nilifunua gunia. Ufizi wa mbwa ulikuwa wa njano, na weupe wa macho vilevile. Sumu ya panya tunayouziwa hapa Nzogolwa hutoa damu, haimgeuzi mnyama kuwa manjano. Kinachofanya hivyo ni ini likiharibika. Nikachota pumba kutoka pale alipokuwa analala, nikazifunga kwenye ncha ya kanga.

"Hizo ni za mahindi ya kihenge," Matonya alisema. "Yamepita Puani. Hata hayo unayashuku?"

"Mimi namshuku hata mume wangu, na yeye nimezaa naye."

Alicheka, lakini hakunisindikiza mpaka nje kama kawaida yake.

Nyumbani nilikuwa na kipande kimoja cha kupimia sumukuvu, cha mwisho kilichobaki tangu maabara yetu ifungwe. Nilikuwa nimekificha kwenye kopo la majani ya chai. Nikatikisa pumba kwenye spiriti, nikaziacha zitulie, nikachovya. Mistari miwili ni salama. Ukitokea mmoja, kuna sumu.

Ulitokea mmoja.

Tarehe ya kipande ilikuwa imepita, kwa hiyo nikakishuku nacho. Lakini kesho yake asubuhi nilimfungia Nyemo viazi vya kuchemsha, nikamwambia asiguse uji wa shule.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

*

Pua ilikuwa mdomoni mwa kihenge cha kata: pipa la bati lenye matundu na taa mbili. Kila kaya ilileta akiba yake pale baada ya mavuno, na pale ndipo ulipotoka unga wa uji wa shule na posho ya miezi ya njaa. Unamimina gunia zima, Pua inavuta hewa, inatafakari kidogo, kisha inasema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Mahindi haya ni salama. Asante." Taa ya kijani inawaka na mahindi yanaporomoka kihengeni. Ikiwaka nyekundu yanarudi nje miguuni pako, watu wote wakikuangalia.

Ilipoletwa, tuliambiwa kazi ya kutafuta imekwisha. Fizikia ya mwanga, kemia ya harufu, baiolojia ya kuvu, vyote vimo ndani ya pipa, sasa ni kutumia tu. Maabara ilikuwa na vyumba vitatu, na majina yake bado yalikuwa milangoni. Chumba cha Fizikia kilikuwa stoo ya mafagio. Kemia ilikuwa ofisi ya Mhandisi Lusajo, aliyetumwa na kampuni ya Pua kuitunza. Baiolojia palihifadhiwa viti vya mikutano. Mimi na diploma yangu ya maabara tuliachiwa cheo cha Mwangalizi wa Pua, maana yake nibadilishe vichujio na nifute vumbi.

Shuleni nako walifuata. Masomo yale matatu yaliunganishwa yakaitwa Matumizi. Siku moja nilimuuliza Nyemo kuvu ni nini. Akanijibu, "Ni kitu ambacho Pua inakikataa." Alikuwa amepata alama zote kwa jibu hilo.

*

Jioni ya siku ile ya viazi nilikwenda kwa mama mkwe, Bibi Ndahani. Alikuwa uani anapukuchua mahindi kana kwamba yamemkosea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Lile dude lako limenitukana."

"Limekutukana vipi?"

"Nimepeleka ziada ya mbegu yangu. Mbegu, Mama Nyemo. Imekaa darini juu ya jiko tangu mavuno, haina hata bungua mmoja. Likaniwashia nyekundu. Na nyuma yangu nani? Mama Mwaluko. Nimerudi na mkokoteni wangu mtaa mzima, yeye anakohoa nyuma. Yule hana kikohozi."

Nilichukua kibaba cha ile mbegu, nikaenda nayo kwenye stoo ya mafagio kesho yake. Madirisha ya chumba kile yalipakwa rangi nyeusi zamani, na taa yetu ya urujuanimno ilikuwa bado ukutani, imefunikwa utando wa buibui. Ukiyavunja mahindi ukayaweka chini ya taa ile, penye kuvu mbaya panang'aa kijani-manjano kama kimulimuli. Taa haikuonyeshi sumu yenyewe, inakuonyesha nyayo zake. Mbegu ya Bibi Ndahani haikung'aa hata punje moja. Pumba za Matonya ziling'aa.

Kwa hiyo Pua ilikuwa imekataa safi na kupitisha chafu. Nilirudi uani kwa bibi.

"Mama, Pua ilifundishwa wapi kujua mahindi ya huku?"

"Si hapahapa. Wewe ulikuwa Morogoro kwenye mtihani wako. Walikuja vijana na mashine ndogo, wakatukusanya wanawake. Wakasema, leteni mahindi mazuri na mahindi mabovu, mashine iyanuse ijue tofauti."

"Mkaleta?"

"Mazuri tulileta. Yamechekechwa, yamewekwa majani mabichi ya mwarobaini juu, kama unavyompa mgeni."

"Na mabovu?"

Aliacha kupukuchua.

"Mabovu ya nani?" alisema. "Mwanamke gani wa hapa atasimama mbele ya wenzake aseme ghala langu limeoza? Ukiozesha mahindi, watu hawasemi mvua, wanasema wewe. Binti yako haolewi. Mabovu tunawapa kuku, au yanaingia kwenye pombe, usiku, kimya. Vijana wakazidi kutuomba. Basi tukaona tusiwaudhi. Tukawapa ya darini, yale meusi ya moshi. Kwa macho ni mabaya, na si aibu kwa mtu."

"Nao hawakuyapima?"

"Wayapime wapi? Maabara mlishafunga."

Nilikaa chini kwenye kigoda. Mashine ilikuwa imefundishwa kwa uaminifu kabisa. Mwarobaini ni salama. Moshi ni sumu. Kuvu yenyewe haikuwahi kunusishwa. Na tangu ije, watu walikuwa wameona gunia lenye majani ya mwarobaini halirudi, wakaanza kuyaweka kata nzima. Hawakuuliza kwa nini. Kilichofanya kazi kilifanya kazi.

*

Sikwenda kwa Lusajo na maneno. Nilikwenda na magunia mawili ya shamba langu, yaliyovunwa siku moja, yakaanikwa kwenye turubai moja. Nilikuwa nimeyakagua yote kwa taa. Moja nililifukiza moshi wa kuni mbichi mpaka likanuka jiko. La pili niliacha lilivyo. Tofauti ilikuwa hiyo tu.

"Simama hapa uone," nilimwambia.

La kwanza lilipomiminwa likawa nyekundu. La pili, kijani. "Mahindi haya ni salama. Asante."

Lusajo alikuwa kijana mwembamba wa Tukuyu, mwenye adabu ya kupita kiasi, na mimi adabu ya kupita kiasi huniogopesha. Alinikaribisha ofisini kwake, akafunga mlango wenye jina la Kemia. Nilimweleza aliyosema bibi. Hakunikatiza.

"Tuliambiwa tuheshimu maarifa ya wenyeji," alisema mwishowe.

"Mliambiwa pia msiyapime?"

"Dada, sikiliza. Wazee wetu walipika pombe kabla mtu yeyote hajajua hamira ni kiumbe hai. Walifua chuma bila kemia. Kitu kikifanya kazi, kinafanya kazi, maelezo huja nyuma."

"Na waliopofuka kwa gongo, maelezo yaliwafikia lini?"

"Na maabara yenu? Mlikuwa mnapima gunia moja, mia mnayapitisha kwa kukisia. Wilaya nyingine Pua imepunguza wagonjwa. Hilo si uongo."

Hapo alinipata, kwa sababu ni kweli. Tulikuwa na vipande vichache na magunia mengi, na siku nyingi nilipitisha kwa macho.

"Sikatai," nikasema. "Huko labda waliwapa mabovu ya kweli. Naongea ya hapa."

"Ya hapa umeonyesha nini? Kwamba inakataa mazuri yenye moshi. Bora ikatae zuri kuliko ikubali bovu."

"Basi tuijaribu kwa bovu lenye mwarobaini."

Alitikisa kichwa. "Haifungui mdomo kwa chini ya gunia, na haina njia ya kando. Ikikubali, limeshaingia. Ndani kuna chakula cha kata nzima mpaka mavuno. Utakichafua ili ujue kama ni kichafu?"

"Chota cha ndani kipimwe."

"Kwa kutumia nini, mafagio?" Alisema taratibu, bila dhihaka. "Vipande haviagizwi tena, unajua, na ile taa haithibitishi sumu. Nitawaandikia makao makuu watume timu."

"Waje lini?"

"Bajeti mpya ikipita. Na dada, kuingiza gunia bovu kwa makusudi ni kosa la jinai. Mimi ndiye nitakayelazimika kukushtaki."

Wakati wa kuinuka niliona dirishani pake mfuko wa unga wa dukani, wenye picha ya mlima.

"Huli unga wa kihenge, Mhandisi?"

"Nina vidonda vya tumbo."

"Pole," nilisema. Sijawahi kusikia vidonda vya tumbo vinavyochagua unga kwa mfuko.

*

Ijumaa mwalimu wa Nyemo alinisubiri getini. Anaitwa Lechipya, mwanamke mkimya, na wanawe wawili wanasoma palepale.

"Nyemo hali uji siku hizi."

"Tumbo linamsumbua."

"Nimemuuliza. Kasema haumwi, kasema mama kakataza." Alinisogelea. "Wewe ndiye unayelinda lile pipa. Kama kuna kitu unakijua, na unamlisha wako viazi huku wangu wakiendelea na uji, niambie sasa hivi nijue nikuweke wapi."

"Sijui kitu, mwalimu. Nahisi."

"Unahisi kwa mwanao. Kwa wangu unasubiri nini?"

Nyuma yake watoto walikuwa wamepanga foleni na vikombe vya plastiki, na mpishi anachota. Mwalimu aliondoka akaenda kuwatoa wanawe wawili kwenye foleni, na watoto wengine wakasogea mbele kujaza nafasi zao.

Njiani nikahesabu nilichokuwa nacho. Nikinyamaza na kihenge ni kichafu, watoto wanakunywa sumu kidogokidogo mpaka mmoja awe njano kama yule mbwa. Nikimwaga gunia bovu na kihenge kilikuwa safi, nimewanyang'anya watu chakula cha miezi ya njaa kwa mkono wangu. Nikisema tu bila kumwaga, ni neno la mfuta vumbi dhidi ya sauti ya redio. Njia ya katikati sikuiona, na niliitafuta sana.

Jambo la ajabu, kilichonikwamisha kwanza hakikuwa dhamiri. Kilikuwa gunia. Nilihitaji gunia zima la mahindi yaliyooza, na katika kata nzima hakuna mtu aliyekuwa nayo. Nilipita nyumba hadi nyumba. "Kwetu? Hata punje." "Labda kwa jirani." "Nani kakwambia?" Mama Mwaluko alinifungia mlango akiwa bado anatabasamu. Kuku wake walikuwa uani wanadonoa kitu cha kijivu.

Nilipofika kwa bibi nilikuwa nimechoka hata kusalimu.

"Kwa hiyo unataka mabovu," alisema.

"Nataka ya kweli, mama. Wala sitasema ni ya nani."

"Utasema ni yako?"

"Nitasema ni yangu."

"Mama Nyemo, wewe hulimi vya kutosha kuozesha gunia. Hakuna atakayekuamini." Alinyanyuka, akashika kiuno, akaenda nyuma ya nyumba. Chini ya turubai, nyuma ya banda la kuku, kulikuwa na gunia limelainika kama mtu aliyelala. Alilipiga teke. Likatoka vumbi la kijani.

"Mvua ya mwisho ilinikuta nimesafiri kwenye msiba," alisema. "Nimelificha hata mume wako asilione. Chukua lile panga ukate mwarobaini."

*

Siku ya kupokea, foleni ilifika barabarani. Nilikuwa nimemwambia Lusajo kwamba nitakuja, na nilimwambia nitakuja na nini. Nilidhani nitamkuta na mgambo. Alikuwa amesimama peke yake kando ya Pua, mkono mmoja mfukoni. Nikajiuliza mgambo amewaficha wapi.

Bibi Ndahani alikataa nisukume mkokoteni. Aliusukuma mwenyewe mpaka mbele, foleni ikampisha kwa umri wake.

"Karibu tena bibi," alisema Mama Mwaluko kwa sauti kutoka mwisho wa foleni. "Leo umekuja na mazuri?"

Bibi aligeuka akawatazama wote. Ni mwanamke aliyewahi kumfukuza mchumba wa binti yake kwa sababu mama wa mchumba alikuwa na ghala chafu. Kila mtu pale aliijua hadithi hiyo.

"Haya ni mahindi yangu," alisema. "Yameoza. Nimeyaozesha mimi, Ndahani, nyumbani kwangu. Sogeeni muyaone."

Hakuna aliyesogea. Alifungua gunia, akachota mkono mzima, akapita nao mbele ya nyuso zao, mmoja baada ya mwingine: punje za kijivu, nyingine zimeshikana kwa utando. Watu walitazama pembeni kama amevua nguo. Alipofika kwa Mama Mwaluko alisimama muda mrefu kuliko kwa wengine.

Kisha nikaweka majani mabichi ya mwarobaini juu, waziwazi, mbele ya wote.

"Mhandisi," nikasema, "unaweza kunizuia sasa."

Lusajo alifungua mdomo. Akaangalia watu, akaangalia Pua. Hakunizuia. Mpaka sasa sijaamua kama ulikuwa ujasiri au alitaka kosa liwe langu.

Tukamimina. Pua ikavuta hewa. Ikatafakari.

"Mahindi haya ni salama. Asante."

Taa ya kijani. Gunia la bibi likaporomoka kihengeni, na sauti ya kuporomoka kwake ilikuwa ileile ya mahindi mazuri. Matonya, aliyekuwa katikati ya foleni, alivua kofia. Mwalimu Lechipya alifunika mdomo kwa kiganja.

"Funga," nilimwambia Lusajo. "Kihenge kizima. Asitoe mtu hata kibaba."

"Na kama kilikuwa safi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Basi nimekichafua mimi, na utanishtaki. Funga."

Alitoa mkono mfukoni. Ufunguo ulikuwa kiganjani muda wote. Aliuzungusha, na taa zote mbili zikazimika.

Ndipo kelele zikaanza. Tutakula nini, nani amewatuma, nani atatulipa. Mzee mmoja aliwashinda wote kwa sauti.

"Tuambie wewe uliyesoma. Chakula chetu kina sumu au hakina?"

"Sijui, baba."

"Hujui? Lile pipa halijawahi kusema halijui hata siku moja."

"Ndiyo maana nimelizima. Nitafungua vyumba vile, nitatafuta vipande hata kwa kukopa, nitapima kutoka juu mpaka chini. Mpaka hapo sijui. Na siwezi kupima wala kulifundisha upya kama sina mabovu ya kweli kutoka kila mtaa."

"Ya nani?" mtu alisema, na wengine wakacheka kwa hasira. "Nani ana mabovu hapa?"

Bibi Ndahani alikuwa anakung'uta gunia lake tupu. Vumbi la kijani lilimwangukia miguuni. Alilikunja taratibu, akaliweka kwenye mkokoteni, akageuka kwenye foleni na mikono kiunoni.

"Mimi nimeshaaibika," alisema. "Sijafa. Nani mwingine?"

Wanawake waliangalia chini, kila mmoja akiangalia miguu ya mwenzake. Kisha nyuma kabisa, mahali ambapo hakuna aliyepatazamia, Mama Mwaluko aliinama kwenye gunia lake na kuanza kufungua kamba.